Namna ya kupima uimbaji wa sutartinės

Mwanakwaya akisikia sutartinės kwa mara ya kwanza atadhani kuna mtu amepotea sauti. Nyimbo hizi za kale za Aukštaitija, kaskazini mashariki mwa Lithuania, huimbwa zaidi na wanawake, wawili, watatu au wanne, na sauti zao huenda sambamba zikiachana hatua moja tu, mithili ya vitufe viwili jirani vya kinanda vilivyobonyezwa pamoja. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, ila heshima hiyo haimsaidii msikilizaji kujua kikundi kipi kinaziimba sawasawa. Kwa maoni yangu ubora wake umo katika mgongano huo wenyewe: usilainishwe, na sauti moja isiishinde nyingine.

Sauti mbili zilizokaribiana hivyo zikishikwa kwa nguvu moja, huzuka mtetemo wa haraka ambao hakuna mwimbaji hata mmoja anayeutoa peke yake. Huo ndio wa kusikiliza kwanza. Mwimbaji akitikisa sauti kama waimbaji wa opera, mtetemo unavurugika. Akimzidi mwenzake, tunabaki na wimbo mmoja na usumbufu pembeni. Kosa baya zaidi ni kuvutwa, yaani kuteleza kidogo kidogo hadi kwenye noti ya jirani, maana hapo sikio hufarijika na wimbo umekufa. Mtihani mkali ni ule wa waimbaji watatu: wa kwanza anaanza peke yake, akifika kwenye kiitikio wa pili anaingia na maneno, kisha wa tatu naye kwa zamu yake, na tangu wa pili aingie zinasikika sauti mbili tu, moja ikibeba maneno, nyingine kiitikio. Anayepokea zamu asiache ufa, wala asitangaze kwamba amefika.

Wapo watakaosema mgongano huu ni ajali tu ya vikongwe wa vijijini waliorekodiwa miaka ya 1930, masikio yakiwa yamechoka. Ajali haijirudii palepale beti baada ya beti. Isitoshe, wanaume walizipiga nyimbo hizihizi kwa skudučiai, filimbi za mti zisizofungwa pamoja, ambazo kila mpigaji hushika moja au chache; urefu wa filimbi ukishakatwa, noti yake haivutwi na jirani, na mgongano umo vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mnyororo ulikatika. Kufikia katikati ya karne ya 20 vijiji vilikuwa vimekaribia kunyamaza, na wengi wanaoimba leo wamejifunza kutoka juzuu tatu za Zenonas Slaviūnas zilizochapishwa 1958 na 1959, pamoja na rekodi za zamani. Je, si uigaji wa karatasi? Kwa kiasi ni kweli, na ndiyo sababu nampa uzito mtu kama Daiva Račiūnaitė-Vyčinienė, mtafiti anayeongoza kikundi cha Trys keturiose: yeye huchunguza rekodi na pia husimama kuimba. Karatasi huandika noti kana kwamba zimetoka kwenye kinanda, ilhali katika rekodi za kale nafasi kati ya sauti mbili hailingani kila mara na ya kinanda. Kikundi kilichosoma tu huimba kwa unadhifu unaotia shaka.

Sauti tamu isikushawishi. Noti za wimbo ni chache mno, hakuna pa kujionyeshea. Wakiimba huku wakicheza kwa mduara, miguu nayo itazame: hatua ni za kiasi, kali hata, na madoido ya jukwaani huzipunguzia uzito. Rekodi za kisasa zisikilize kwa tahadhari, kwani fundi mitambo akisogeza sauti moja mbele na kuipaka mwangwi, kosa linalosikika si la waimbaji. Ukiwapata ana kwa ana, simama pale sauti zote mbili zinapokufikia kwa nguvu sawa.