Kuanua Matanga: Albamu Moja, Mchezo Mmoja na Deni la Wafu

Mwezi Aprili mwaka 2024 zilitoka kazi mbili ambazo, ukizitazama kwa haraka, hazina undugu wowote. Ya kwanza ni The Adept, albamu ya muziki wa metali ya Mkenya Martin Kanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart. Ya pili ni Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa video kutoka Surgent Studios, studio ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Moja ni ngurumo za gitaa, ngoma za kompyuta na mtu anayepiga mayowe mpaka unalihofia koo lake. Nyingine ni safari ya kijana mwenye vinyago viwili katika nchi iliyopakwa rangi kama za kitenge. Muhula huu nimezirudia zote mbili mara nyingi kuliko nilivyoyarudia madaftari yangu, na kila nilipozirudia niliona kwamba zinahangaika na swali moja: wafu wanatudai nini sisi tulio hai?

Hoja yangu ni fupi. Mchezo unaanua matanga. Albamu inakataa kuyaanua. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila kazi ina haki yake, kwa sababu vifo vinavyoliliwa humo havifanani, na kwamba ubora wa kila moja hutegemea jinsi fani yake inavyolibeba lile inalolisema.

Najua yuko atakayeuliza kwa nini gemu na metali viingie katika mkusanyiko wa insha zetu, mahali tulipozoea kukutana na riwaya, tamthiliya na tenzi. Jibu langu ni kwamba zana za uhakiki tulizofundishwa hazikutengenezwa kwa ajili ya karatasi peke yake. Wahusika, mandhari, muundo, dhamira: vyote hivi vimo katika mchezo wa saa nane au zaidi, na baadhi yake vimo hata katika wimbo ambao maneno yake hayasikiki vizuri. Tukiviacha nje kwa sababu vinapendwa na vijana, tutakuwa tunahakiki rafu ya maktaba na kuyaacha maisha ya wasomaji wenyewe.

Nianze na mchezo. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba yake, naye hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufunga naye mapatano: nitakuletea roho tatu kubwa zilizokukataa, nawe unirudishie baba. Kisa hiki kimewekwa ndani ya kisa kingine. Kijana aitwaye Zuberi, ambaye naye amefiwa na baba, anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu, na yaliyomo kitabuni ndiyo tunayoyacheza sisi. Salim mwenyewe ameeleza hadharani kwamba mchezo huu aliutunga kutokana na kifo cha baba yake. Kwa hiyo wapo baba watatu, mmoja ndani ya mwingine, na mchezaji anaweza kuongeza wa nne akipenda.

Jambo la kwanza lililonifurahisha ni Kalunga mwenyewe. Katika michezo mingi mauti ni adui anayekungoja mlango wa mwisho. Hapa ni mzee anayekusindikiza, anayekukaripia, anayekusikiliza. Jina lake si la kubuni. Katika fikra za Wakongo, Kalunga ni mpaka kati ya walimwengu na wafu, na mtunzi ameupa mpaka huo sura na sauti ya mtu unayeweza kubishana naye. Jambo la pili ni mibuyu. Zau akifika chini ya mbuyu huketi, akasema yaliyo moyoni kuhusu baba yake, na akiinuka uhai wake umeongezeka. Michezo ya aina hii imetuzoesha kwamba nguvu huja kwa kuua. Huu unasema nguvu nyingine huja kwa kukaa chini na kulitaja jina la marehemu. Sijui somo la matanga lililofundishwa kwa ufupi kuliko hilo.

La tatu ni lugha. Mchezo una sauti za Kiswahili, nami niliucheza kwa Kiswahili kuanzia mwanzo. Hapa Uganda wengi wamekijua Kiswahili kama lugha ya amri kambini na ya bei sokoni, na katika filamu za nje kimekuwa lugha ya salamu mbili tatu za watalii. Kukisikia kikibeba uchungu wa mtoto kwa baba yake, kwa saa nyingi mfululizo, ni jambo ambalo nilikuwa nikilisubiri bila kujua kwamba nalisubiri.

Hata hivyo mchezo una kasoro mbili, na ya kwanza ni nzito. Hadithi inasema kifo hakirudishwi nyuma. Vitufe vinasema kinyume. Zau akianguka kwenye miiba au akizidiwa na maadui, anarudi palepale karibu, mzima, na unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimekufa katika mchezo huu mara zisizohesabika, na hakuna kifo hata kimoja kilichonigharimu zaidi ya dakika chache. Mtu anaweza kunijibu kwamba michezo yote iko hivyo. Ni kweli, lakini michezo yote haihusu kifo cha baba. Ukichagua kuzungumzia mauti kwa fani ambayo ndani yake mauti ni kujikwaa tu, una wajibu wa kuitumia tofauti hiyo, kwa mfano kumfanya Kalunga aulizwe kwa nini Zau anaruhusiwa kurudi na baba yake haruhusiwi. Fursa hiyo iliachwa mezani.

Kasoro ya pili itawagusa wanaosoma isimu. Mchezo hutangazwa kuwa umejengwa juu ya visasili vya Wabantu. Lakini roho zake tatu zimetoka mbali na mbali. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu, Waxhosa na jirani zao. Kikiyaon ametoka katika masimulizi ya Senegambia, na GaGaorii anamkumbusha mtu GaGorib wa Wakhoikhoi. Tunajua kwamba Bantu ni jina la kundi la lugha, lililoingizwa katika taaluma na Wilhelm Bleek karne ya 19, na kwamba Wakhoikhoi na watu wa Senegambia hawamo katika kundi hilo. Mtunzi ana uhuru wa kuchanganya. Hata watambaji wetu huchanganya. Ila jina linapotumika kama gunia la kutilia Afrika nzima, msomaji wa nje ataamini sote tunamlilia maiti kwa namna moja. Hilo si kweli, na nitaeleza punde kwa nini lina uzito.

Sasa niingie kwenye albamu. Kabla ya The Adept, Kanja alikuwa nusu ya kundi la watu wawili liitwalo Duma, pamoja na Sam Karugu. Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama mwenye mbio; wenyewe walisema wanalitumia kwa maana ya giza katika Kikuyu. Albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa hapa Kampala na Nyege Nyege Tapes, lebo ambayo jina lake, lenye maana ya hamu ya kucheza ngoma kwa Luganda, huwafanya wanafunzi wa Kiswahili waangaliane na kucheka. Wimbo mmoja humo unaitwa Uganda with Sam. Nautaja ili wasomaji wenzangu wajue kwamba metali hii haikuletwa na upepo kutoka Ulaya. Sehemu yake imepikwa katika mji huuhuu tunaopandia bodaboda kwenda darasani.

The Adept aliitoa kwenye lebo yake mwenyewe, Haekalu, jina linalokaribia sana hekalu la Kiswahili, na aliwaalika wasanii wengi, miongoni mwao Backxwash, mghani mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Lakini kiini cha albamu ni mwanamke mmoja: Muthoni wa Kirima, ambaye Kanja anajitaja kuwa kitukuu chake. Muthoni alikuwa mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Aliingia msituni miaka ya 1950 na akatoka uhuru ulipopatikana, Desemba 1963. Nywele alizozifuga msituni alibaki nazo kichwani kwa karibu miaka 60 mingine, zikisokotana mpaka zikawa ndefu kama kamba. Zilinyolewa Nyeri mwezi Aprili 2022, na aliyezinyoa ni Mama Ngina Kenyatta. Septemba 2023 Muthoni akafariki.

Katika jamii nyingi za ukanda wetu, nywele na msiba huenda pamoja: kunyoa ni alama kwamba jambo limefungwa. Mtu anayekaa miaka 60 bila kunyoa anawaambia jirani zake kitu, kila siku, bila kufungua mdomo. Nikiisikiliza The Adept kwa kuufikiria ukimya huo, mayowe yake yanaacha kuwa kelele. Ni kama kitukuu ameyatoa kwa sauti yale ambayo nywele zilikuwa zikiyasema.

Hapa ndipo watu wengi hunikatiza na kusema: lakini hatusikii anachosema. Mimi huwauliza kama wamewahi kwenda msibani. Shangazi anayejitupa chini mlangoni mwa nyumba ya marehemu hatumwombi atulize sentensi zake ili tupate kiima na kiarifu. Tunaelewa kwa pumzi, kwa mahali sauti inapokatika, kwa muda anaochukua kabla ya kuvuta pumzi nyingine. Kanja anaijua lugha hiyo. Ngoma zikienda kasi kupita uwezo wa mkono wa binadamu, sauti yake haiendi nazo. Inavutwa, inakwaruza, inabaki nyuma. Tofauti hiyo ya mwendo kati ya mashine na koo ndiyo fani ya albamu hii, nayo inabeba maudhui yake: dunia imekwenda mbele, mfiwa hajaondoka pale.

Kwa nini mfiwa asiondoke? Nitajibu kwa mfano wa nyumbani. Sisi Waganda tuna mkutano wa ukoo uitwao okwabya olumbe, ambao kwa tafsiri ya karibu ni kukipasua kifo. Siku hiyo msiba unafungwa rasmi na mrithi anatambulishwa, anavikwa nguo ya gome la mti na kukabidhiwa mkuki. Babu yangu mzaa baba hajafanyiwa. Alichukuliwa na watu wenye bunduki huko Luweero mwaka 1983 na hakuonekana tena, wala kaburi hatuna. Baba anataka shughuli ifanyike kabla wazee hawajaisha. Shangazi hukataa kila mwaka kwa maneno yaleyale: "Kaka, utakipasuaje kifo ambacho hukukiona?" Wote wawili wanampenda babu. Hawabishani juu ya upendo, wanabishana juu ya kama hesabu imekamilika.

Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi hizi mbili. Baba wa Zau amekufa na kifo chake kinajulikana; kilichobaki ni mtoto kujifunza kuachilia, na mchezo unamfundisha kwa upole. Muthoni ni mmoja wa kizazi ambacho hesabu yake haikufungwa. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957 akazikwa gerezani Kamiti, na familia yake imeitafuta mifupa yake kwa miongo mingi. Kwa wafu wa namna hii, kuambiwa uachilie kunaweza kuwa njia ya kumsaidia mwenye deni. Albamu inayokataa kutulia haikosi adabu. Inakaa matanga kwa makusudi, mpaka mtu aje alipe.

Hata hivyo The Adept nayo nina neno nayo. Wageni ni wengi mno, na katikati ya albamu inakuwa kama msiba uliojaa watu hadi mfiwa haonekani. Tena, kwa kuwa maneno yamezikwa ndani ya mayowe, msikilizaji asiyejua habari za Muthoni anaweza kufika mwisho bila kujua ni nani anayeliliwa. Mimi mwenyewe nilipata kisa chake nje ya nyimbo. Kazi ya kumbukumbu ingefaa iwe na angalau mahali pamoja ambapo kelele zote zinanyamaza na jina linasikika.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua albamu, kwa sababu fani yake inatii inalolisema, ilhali mchezo unalisimulia kwa mdomo na kulikana kwa vidole. Lakini sipendi kuona mtu akiifikia albamu bila kupitia mchezo. Mwenzangu mwenye nafasi wakati wa likizo aanze na Zau, achague sauti za Kiswahili, na asiupite mbuyu wowote bila kuketi. Baadaye aisikilize The Adept kwa spika za masikioni, maana majirani wa hosteli hawatamwelewa, akiwa tayari amesoma kidogo kuhusu Muthoni. Kisha amuulize mzee mmoja wa ukoo wake ni marehemu yupi ambaye matanga yake hayajaanuliwa, na kwa sababu gani.