Badala, Nafasi na Fasi: Uhakiki wa Tafsiri za Neno "Replace" katika Kiswahili cha Kivu

1.0 Utangulizi

Neno la Kiingereza "replace" huonekana jepesi hadi pale linapotakiwa kutafsiriwa. Darasani mwanafunzi huligeuza kuwa "badili", "chukua nafasi ya" au "weka badala ya", na aghalabu huzihesabu njia hizo tatu kuwa sawa. Mwanafunzi atokaye mashariki ya Kongo huja na njia ya nne, yaani "pa fasi ya". Njia hii hukatwa kwa kalamu nyekundu na kuitwa tafsiri sisisi ya Kifaransa "à la place de". Makala haya yanahakiki hukumu hiyo. Yanadai kwamba sababu inayotolewa ni dhaifu, na kwamba upungufu halisi wa "pa fasi ya" ni mwingine kabisa.

2.0 Dhana ya mahali

Kalengera ni kijiji kilichopo kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Katika eneo hilo Kinyabwisha, ambacho ni ndugu wa Kinyarwanda, husemwa nyumbani; Kiswahili husemwa sokoni na njiani; Kifaransa hutawala shule za juu na ofisi. Katika Kiswahili cha Kivu, "fasi" ni neno la kawaida la kutajia mahali. Matumizi yake katika maana inayohusika hapa yanaweza kuonyeshwa kwa mifano ifuatayo:

(1) Pa fasi ya kwenda ku soko, alibakia ku nyumba.
(2) Mama ametuma mutoto pa fasi yake.
(3) Mwalimu mupya ameingia pa fasi ya ule wa zamani.

Katika (1) tendo moja limechaguliwa na jingine likaachwa. Katika (2) mtu anamwakilisha mwingine. Katika (3) mtu anamrithi mwingine kazini. Ni kweli kwamba Kifaransa kingeweza kutumia "place" katika mifano yote mitatu. Hata hivyo, Kinyabwisha nacho kina "mu mwanya wa", na "umwanya" ni nafasi. Aidha, pale ambapo Kiswahili sanifu husema "badala ya" pamoja na kitenzi, lugha za jamii hiyo hutumia "aho", neno ambalo pia huonyesha mahali. Msemaji wa Rutshuru hahitaji kwenda Ufaransa kuitafuta dhana aliyoirithi kwa mama yake.

Kiswahili cha pwani chenyewe hakikosi dhana hiyo. Neno "makamu" limetokana na Kiarabu "maqām", lenye maana ya mahali pa kusimama, na "kaimu" limetokana na "qā'im", yule asimamaye. Makamu na kaimu, kwa asili, ni habari za mtu kusimama mahali pa mwingine. Kiingereza nacho kimejenga "replace" juu ya "place", na "instead" juu ya "stead", neno la zamani la mahali. Katika kundi hili lote "badala" ndilo la pekee, kwa kuwa mzizi wake wa Kiarabu unahusu kubadilishana. Anayeikataa "pa fasi ya" kwa kuwa imejengwa juu ya mahali hana budi kuzikataa pia "mahali pa" na "kuchukua nafasi ya", ambazo Kiswahili sanifu kinazikubali bila shaka yoyote.

3.0 Udhaifu halisi

Udhaifu wa "pa fasi ya" ni utata. Tungo "alikaa pa fasi ya mwalimu" yaweza kuwa na maana ya kuketi kitini pa mwalimu, au ya kufanya kazi yake. "Badala ya mwalimu" haina utata huo. Lakini "badala" nayo ina upungufu: haielezi kama mwalimu alikuwapo kisha akaondoka, au hakuwahi kufika. Zaire ilipoondolewa mwaka 1998 na faranga ya Kongo kuingia, kusema "faranga ilitumika badala ya zaire" kulitaja chaguo tu. Kusema "faranga ilichukua nafasi ya zaire" kulitaja pia historia: fedha moja ilikuwapo, ikaondoka, nyingine ikaingia.

Jambo zito zaidi ni muda, na hapa ndipo tafsiri huweza kumpotosha raia. Mwezi wa Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watawala wa kijeshi wakawekwa mahali pa magavana wa kiraia. Kwa mujibu wa katiba ya 2006, hali ya namna hiyo hutangazwa kwa siku 30 na huweza kurefushwa kwa vipindi vya siku 15. Kiingereza kingetosheka na "replaced". Mtafsiri wa Kiswahili hana starehe hiyo. Akiandika "walirithi", amewapa madaraka ya kudumu. Akiandika "walikaimu", amekumbusha kwamba wenye nafasi wanatazamiwa kurudi. Akiandika "walichukua nafasi" au "waliingia pa fasi ya", amelinyamazia suala lenyewe. Tanzania nayo ilitoa mfano wa kinyume mwaka huohuo wa 2021: baada ya kifo cha Rais Magufuli, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais kwa kipindi kilichobaki. Kusema kwamba "alikaimu urais" kungekuwa kosa la sheria, licha ya kuwa kosa la lugha.

4.0 Hitimisho

Yafaa basi kamusi ziligawe "replace" kwa maana zake, yaani kuchagua, kuwakilisha, kurithi na kurudisha kitu mahali pake, na kila maana ipewe kisawe chake. "Pa fasi ya" iandikwe humo kama msemo wa lahaja za Kongo. Msahihishaji naye, kabla ya kuikata, amwulize mwanafunzi swali moja: huyo aliyeondoka atarudi au harudi? Jibu likipatikana, neno linalofaa litajulikana. Na pengine itaonekana kwamba hata "badala ya" iliyowekwa kwa wino mwekundu haikulitoa jibu hilo.