Uhakiki: "Hygge" na Kivuli Chake

Mwaka 2016 wauzaji wa vitabu nchini Uingereza walijaza meza zao vitabu juu ya neno moja tu la Kidenmaki: hygge. Kilichotia fora miongoni mwao ni The Little Book of Hygge, kilichotungwa na Meik Wiking, mkuu wa taasisi moja ya Copenhagen inayochunguza furaha ya wanadamu. Kabla mwaka haujatimia, watunga kamusi wa Oxford walikuwa wamekwisha kuliweka neno hilo katika orodha yao fupi ya maneno ya mwaka. Kwa lugha ya watu wapatao milioni sita, hilo si jambo dogo.

Makala haya hayakusudii kumfundisha msomaji namna ya kukaa kwa raha nyumbani kwake, hilo analijua. Yanakusudia kupima kama kitabu hicho, na vingine vya ukoo wake, vimelitendea haki neno lenyewe. Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa wanafunzi wenye lugha nyingine nyumbani kwao tunaijua taabu hii. Mwanafunzi huuliza, "Mwalimu, maana yake nini?" Nasi, kwa kuwa kengele inakaribia kulia, tunamtupia neno moja la kufanana nalo, naye huondoka ameridhika, mikono mitupu.

Yafaa kwanza tumpe Wiking sifa zake. Amefahamu kwamba neno hili haliwezi kutengwa na hali ya nchi lilikokulia. Msomaji anayeishi karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza na kutua kwa saa zilezile mwaka mzima, hana budi kuwaza kidogo hapa. Katika siku fupi za mwezi wa Desemba, jua la Copenhagen huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote ni saa saba tu, na mara nyingi mawingu hulificha jua hata katika saa hizo. Watu hurudi kutoka kazini gizani, kwenye baridi na mvua. Basi nyumba ndiyo inayokuwa uwanja, na taa ndiyo inayokuwa jua. Wiking anaeleza kwa kirefu mapenzi ya Wadenmaki kwa mishumaa, na kusema kwamba katika Ulaya nzima hakuna wanaoichoma kuwapita. Anaeleza pia jinsi wanavyochukia taa kali ya katikati ya dari, wakapenda taa ndogo ndogo zilizotawanywa pembeni. Si ajabu kwamba mmoja wa wasanii wao mashuhuri wa karne ya ishirini, Poul Henningsen, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake, tangu miaka ya 1920, kubuni vifuniko vya taa vitakavyoficha glopu isimchome mtu machoni, nuru ikashuka taratibu juu ya meza na nyuso za waliokaa. Kurasa hizi za kitabu ndizo zilizo bora, nami nilizisoma mara mbili.

Walakini kutoka hapo mwandishi anateleza. Mshumaa, soksi za sufu, blanketi, kahawa, keki, moto wa kuni: vitu vinazidi kurundikana, mpaka msomaji anaanza kuamini kwamba hygge ni kitu cha kununuliwa dukani na kufungwa katika karatasi. Wenye maduka, bila shaka, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Turudi kwenye lugha. Hygge ni jina, lakini pia ni kitenzi, na katika mazungumzo ya kila siku kitenzi hicho kina nguvu sana. Wataalamu wa asili ya maneno wanasema Wadenmaki walilipata neno kutoka Kinorwei, katika enzi ambazo nchi hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja, yaani kabla ya mwaka 1814. Herufi yake y haimo katika irabu zetu tano. Ulimi hukaa kama wa kutamka i, midomo ikaviringwa kama ya kutamka u. Mdenmaki anapomuaga rafiki anayekwenda karamuni humwambia hyg dig, na wenye kukaa pamoja husema vi hygger os. Hapa mwalimu wa Kiswahili atatega sikio, maana kitenzi hicho hujirejea. Sisi tungelazimika kuchagua kati ya viambishi viwili: -ji- cha "kujiburudisha," au -ana cha "kuburudishana." Kidenmaki hakichagui. Katika umbo moja mtu hujifanyia raha na watu hufanyiana raha, wala mpaka baina ya mambo hayo mawili hauonekani. Nadhani siri ya neno iko hapa zaidi kuliko katika soksi.

Tena neno hili huzaa sana. Kuna fredagshygge, raha ya jamaa jioni ya Ijumaa. Hyggekrog, kipembe cha nyumba cha kujikunyatia. Hyggesnak, soga isiyo na ajenda. Hata hyggebukser, suruali iliyochakaa ambayo mtu hawezi kutoka nayo nje lakini moyoni ndiyo aipendayo kuliko zote. Wiking ameyaorodhesha mengi ya haya, na orodha yake inachekesha na kufundisha kwa pamoja.

Lakini lipo moja ambalo anapita juu yake upesi mno: uhygge. Mswahili akiliona atadhani ni jina dhahania, kama utu au wema. Kumbe katika Kidenmaki u- ya mwanzo hukanusha. Tena haikanushi kwa namna tuliyoizoea. Tukisema "kutostarehe," tumeeleza upungufu tu, kiti kigumu au usingizi mbaya. Uhygge si upungufu; ni kitu chenye mwili wake. Ni hofu inayomwingia mtu katika nyumba iliyohamwa, ni hadithi ya mizimu, ni sinema ya mauaji, ni ukatili unaosimulishwa kwa sauti ya chini. Kivumishi chake, uhyggelig, hutumika hata kutilia mkazo jambo jema, kama vile sisi tusemavyo kwamba mtu ana akili za kutisha. Lugha hii, basi, imeuweka utulivu wa sebuleni na kitisho cha usiku katika shina moja. Mtu asiyejua kwamba upande wa pili wa mlango kuna uhygge hawezi kujua kwa nini Mdenmaki anaushukuru mlango wenyewe.

Na mlango, kama tujuavyo, hufungia wengine nje. Mwaka 2011, miaka mitano kabla ya homa hii ya vitabu, mwanaanthropolojia Jeppe Trolle Linnet, ambaye mwenyewe ni Mdenmaki, alichapisha makala yenye hoja nzito juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba hygge, pamoja na sifa yake ya usawa, ni chombo cha kuwadhibiti watu. Huweka daraja zake za nani anajua kukaa vizuri na nani hajui, na huwatia dosari makundi ya watu wanaodhaniwa kuwa hawana uwezo wa kuileta. Wiking naye anakiri kwamba mgeni hupata shida kuingia katika duara la marafiki waliojuana tangu utotoni. Anakiri, kisha anageuza ukurasa. Katika nguzo kumi alizoziweka imo moja ya kusimamisha ugomvi, kwamba mabishano ya siasa yangoje siku nyingine. Shauri hilo ni jema kwa aliye na siku nyingine. Kwa yule ambaye siasa yenyewe inamhusu yeye, juu ya rangi yake au dini yake au haki yake ya kukaa nchini, kunyamaza kwa ajili ya raha ya meza si kitu rahisi.

Wadenmaki wenyewe wamelipatia jambo hili jina. Hyggeracisme ni ule mzaha wa ubaguzi unaotolewa mezani kwa tabasamu, na anayekasirika ndiye anayehesabiwa kuwa ameharibu raha ya wengine. Ninaitaja istilahi hii si kwa kuwasuta, maana ni jamii ngapi zilizo na ujasiri wa kuunganisha neno lao tukufu na aibu yao? Lakini mwandishi anayetuuzia neno kama dawa ya dunia angepaswa kutuonyesha pia chupa yake imeandikwa nini kwa nyuma.

Kwa ufupi nitaje maneno mengine mawili ya jamaa hii. Lykke ni furaha na bahati kwa pamoja. Sisi tunayo "heri," ambayo hubeba mizigo hiyo miwili bila kulalamika. Pyt, ambalo mwaka 2018 lilichaguliwa kuwa neno lipendwalo katika kura iliyoendeshwa na maktaba za nchi hiyo, ni la kupuuza udhia mdogo: kikombe kimevunjika, basi, yamekwisha. Yako madarasa ambamo mtoto aliyeshindwa mchezoni hubonyeza kitufe cha pyt ukutani ili aisahau hasira yake. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini atatamani ukuta mzima wa vitufe hivyo.

Je, hygge tulifasirije? "Starehe" lilikuwa neno stahiki zamani, wakati mgeni alipoingia barazani akawaambia waliotaka kusimama, "Starehe, starehe," yaani msijisumbue. Leo neno hilo limehamia kwenye mabango ya mabaa, nasi tukisikia "sehemu za starehe" hatufikirii tena baraza. "Raha" peke yake ni pana mno, "utulivu" hauna watu ndani yake, na "faragha" ina watu wachache kupita kiasi. Watafsiri wengine wangeliacha kama lilivyo na kulipa tahajia yetu, lakini hilo ni kukwepa kazi.

Mimi ningependekeza tusitafute neno, tutafute kauli: "tumekaa kwa raha zetu." Raha hapa imewekwa katika wingi, nayo imepewa mwenyewe. Zetu hiyo ina joto la waliokaa pamoja, na wakati huohuo ina makali kidogo. Mtu akitamka "tuacheni kwa raha zetu" kila asikiaye anajua kwamba yuko aliyeambiwa aondoke.