Pongezi kwa Nadi Ikhwan Safaa

Taadhima tunayoitoa kwa Nadi Ikhwan Safaa, jamaa ya wapenzi wa taarabu iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, ni haki yake, kwani taarabu, ambayo Sultani Sayyid Barghash aliienzi katika kasri yake hata akampeleka Mzanzibari Mohamed Ibrahim nchini Misri kuisomea, ilipata kwa juhudi za jamaa hii maskani miongoni mwa raia.

Tangu hapo usikilizaji umegeuka mara nyingi. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi, na kwa santuri zake sauti yake ikawafikia watu wasiopata kumwona. Ikafuata redio, ikafuata kaseti, kisha vinanda vya umeme vikashika pahali pa ala nyingi, na leo kijana huziba masikio yake kwa spika ndogo za simu, akastarehe peke yake. Sizilaani zana hizi, maana zimehifadhi sauti ambazo zingalitoweka.

Lakini udi, ganuni, nai na fidla zinapokutana mbele ya hadhara, na msikilizaji, kwa kuguswa na shairi, akainuka taratibu kwenda kumtunza mwimbaji, kusikiliza huko ni amali ya watu wengi pamoja. Na wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, ambao wengi wao wana kazi zao za mchana, wameilinda amali hiyo kwa zaidi ya karne, wakiwafundisha vijana mazoezini jioni.