Mstari wa Sababu

Mtu amesimama kwenye barabara tambarare mjini Morogoro, uso ameuelekeza kwenye kilele cha Lupanga. Anapima pembe ya mwinuko, anapata nyuzi 14. Anatembea mita 1,500 moja kwa moja kuelekea mlimani, anapima tena, anapata nyuzi 18. Kilele kimepanda mita ngapi juu ya barabara ile?

Kila aliyepita sekondari amekutana na swali la namna hii, likiwa na mnara au mnazi badala ya mlima. Humalizwa kwa mistari minne. Mimi nataka kuusifu mstari wa tano, ambao msahihishaji hautolei alama, na ambao fundi wa kweli huuandika hata hivyo.

Tuite kimo h, na umbali kutoka kituo cha pili mpaka chini ya kilele tuuite x. Basi tan 18 ni h/x, na tan 14 ni h/(x + 1,500). Wengi huanza hapo hapo kuzidisha na kuhamisha; karatasi inajaa, x inang'ang'ania kila mstari. Fundi huzigeuza sehemu juu chini: x = h cot 18, na x + 1,500 = h cot 14. Anatoa mlinganyo wa kwanza kwenye wa pili, x inatoweka, inabaki 1,500 = h(cot 14 − cot 18). Tofauti ile ya mabano ni 0.9331, kwa hiyo h ni mita 1,608 hivi. Kisha pembeni anaandika: tumetumia kotanjenti ili x iondoke kwa kutoa tu, kwa kuwa hatukuulizwa x. Sentensi moja. Anayeisoma peke yake usiku anapata kitu ambacho mistari minne haimpi: anajua mwandishi alikuwa anatafuta nini kabla hajagusa karatasi. Kesho akiletewa swali lenye sura nyingine kabisa, hahitaji kukumbuka mistari ile. Anajiuliza tu ni herufi gani ambayo hakuulizwa, na aiondoeje.

Namba za swali hili nimezichagua mimi ziwe karibu na hali halisi. Lupanga ina mita 2,138 juu ya usawa wa bahari na mji uko kwenye mita 500 hivi, kwa hiyo jibu letu linakubalika. Fundi mzuri hufanya ulinganisho huo na kuuandika. Hutoa na tahadhari. Ukizikata tanjenti zile mapema, ukaziandika 0.25 na 0.32, jibu linaruka hadi 1,714. Zaidi ya mita mia moja zimeongezwa juu ya mlima kwa uvivu wa desimali. Na kifaa kikikosea nusu ya uzi tu katika kipimo cha kwanza, kikasoma 14.5, mlima unafika mita 1,901. Hapo pana jambo la kujifunza kubwa kuliko jibu lenyewe: namba mbili zinazokaribiana zikitolewa, na tofauti yao ndogo ikakaa chini ya mstari wa sehemu, kosa dogo hukuzwa mara nyingi. Vitabu vingi vya maswali havifiki hapo. Vinaishia kwenye 1,608 na kulipigia mstari chini.

Morogoro ni mahali pazuri pa kuizungumzia kazi hii ya kuandika solushoni. Shule ya Mzumbe ya wavulana iko nje ya mji, upande wa njia ya Iringa. Kilakala ya wasichana, ambayo masista wa Maryknoll waliianzisha ikiitwa Marian College, iko miguuni pa milima ya Uluguru. Zote mbili zimo katika zile shule za serikali za vipaji maalumu, na kwa miaka mingi zimepokea vijana wa michepuo yenye hisabati, kama PCM, kutoka kila kona ya nchi. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita huja Mei, masika yanapoelekea ukingoni na mawingu bado yameufunika mlima. Kwa muundo uliozoeleka, karatasi ya kwanza ya hisabati ina maswali kumi, yote ya lazima. Ya pili ina manne ya lazima na mengine manne ambayo mtahiniwa huchagua mawili. Maelekezo ya juu humtaka aoneshe kazi yote waziwazi. Agizo hilo watu wamelizoea mno hata hawalisikii tena, na wengi hulielewa kuwa ni kutaka mistari mingi. Mistari inaweza kuwa ishirini na kazi isioneshwe.

Kazi yenyewe huonekana ubaoni, baada ya prepu, watu wanapokaa kwenye diskasheni. Mmoja ameshika chaki, wengine wamemzunguka na madaftari, na kila baada ya mistari miwili mitatu mtu anauliza: "Hiyo imetoka wapi?" Silijui swali bora zaidi katika elimu yote ya sekondari. Halina dharau, wala halikubali kupitwa. Mwenye chaki hugeuka na kueleza, kwa Kiswahili, kwa nini ameongeza moja kisha akaitoa, kwa nini ameita u kile kilicho chini ya kipeuo. Maelezo hayo ndiyo hisabati. Lakini yanasemwa, hayaandikwi. Mtihani ni wa Kiingereza, ubao una alama tupu, na asubuhi kinachobaki kwenye kaunta buku ni mfuatano wa milinganyo usio na neno hata moja. Sababu zimekwenda na usingizi. Ndiyo maana ninaheshimu sana solushoni zile chache ambazo mwandishi alikaa akakisikia kichwani kile kilio cha "imetoka wapi" na kukijibu kabla ya kuulizwa, kwa lugha yoyote iliyomjia.

Vitabu ambavyo vizazi kadhaa vya kidato cha tano vilivisomea, Backhouse na mwenziwe Houldsworth, au Tranter, vilitoa majibu nyuma ya kitabu: namba tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Pengo kati ya swali na ile namba ilibidi lijazwe na mtu. Hivyo yakazaliwa madesa: solushoni zilizoandikwa kwa mkono, zikatolewa fotokopi kwenye stationeri, zikasafiri likizo hadi likizo, shule hadi shule. Jina la mwandishi halimo, au lilikatwa pembeni na mashine. Fotokopi ya fotokopi hufifia, na kitu cha kwanza kufifia ni alama ya kutoa. Aliyeandika alama tupu amemwachia msomaji wake mtego. Aliyeandika "tunatoa eneo la chini kwa sababu mkunjo wa pili uko juu" amemwachia njia ya kuirudisha alama iliyopotea. Siku hizi desa ni faili la simu, linasomeka vizuri, na haliwi bora kwa hilo peke yake.

Kuna kosa moja la aljebra ambalo mstari wa sababu hulizuia peke yake. Tafuta x kati ya 0 na nyuzi 360, miisho ikiwemo, pale sin 2x = sin x. Mwanafunzi anaandika 2 sin x cos x = sin x, anagawanya pande zote kwa sin x, anapata cos x = 1/2, majibu 60 na 300. Kila kitu kinaonekana safi. Lakini majibu ni matano. Sifuri, 180 na 360 zimefukuzwa na mstari mmoja ule wa kugawanya, kwa kuwa katika pembe hizo sin x ni sifuri, na hakuna anayegawanya kwa sifuri. Sasa mlazimishe mwandishi aandike sababu: tunagawanya kwa sin x, ambayo si sifuri. Kalamu inasita yenyewe. Nani kasema si sifuri? Anarudi, anahamisha, anatoa kigawo cha pamoja, anaandika sin x(2 cos x − 1) = 0, na majibu yote matano yanaingia nyumbani. Sababu, basi, inamlinda mwandishi kabla ya kumsaidia msomaji. Hili nalisema kwa uzito, maana wapo wanaoyaona maneno kwenye solushoni kuwa ni mapambo ya watu wenye muda.

Tamaduni zetu zimeijua kazi hii kabla ya shule za serikali. Katika elimu ya mirathi inayosomeshwa misikitini, pwani hadi bara, mwanafunzi hapewi kanuni peke yake. Hupewa masuala yaliyofanywa. Moja maarufu ni la mtu aliyefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, yaani moja ya sita, mama sudusi. Peleka zote kwenye 24: tatu, kumi na sita, nne, nne. Jumla ni 27, na mali ni 24 tu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa suala hilo akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imegeuka tusui. Yaani mali igawanywe mafungu 27, kila mtu achukue mafungu yake yale yale, na matatu ya 27 ni moja ya tisa. Ibn Abbas, sahaba mwenzake, hakuikubali njia hiyo ya kuwapunguza wote kwa pamoja. Ninachokipenda katika suala hili ni kwamba hesabu haikugombaniwa. Tatu na kumi na sita na nne na nne ni 27 kwa kila mtu. Mgogoro ulikuwa kwenye mstari unaofuata, na mstari huo hauna namba, una sababu. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya tisa kile kitabu cha aljebra kinachotajwa kila mahali, alitenga sehemu kubwa yake kwa wasia na mirathi, suala kwa suala, hatua zikiwa zimesemwa kwa maneno matupu bila herufi za x na y. Alama za mkato zilikuja baadaye sana. Sababu zilitangulia.

Tukirudi darasani, jometri ya kuratibu nitaipitia haraka, ingawa ina uzuri wake. Katika parabola y² = 4ax, unaweza kuiita nukta yako kwa herufi mbili na kubeba mzigo wa kukumbuka uhusiano wao mpaka mwisho; au unaiita (at², 2at), na uhusiano umeshaingizwa ndani ya jina. Tanjenti za nukta p na q hukutana kwenye (apq, a(p + q)). Mstari unaoziunga nukta hizo ukipita kwenye fokasi, pq ni −1. Miteremko ya tanjenti ni 1/p na 1/q, zao lake ni −1, kwa hiyo zinakutana kwa pembe mraba, na zinakutana pale x = −a. Mambo mawili yametoka kwenye sharti moja. Anayeandika solushoni hii bila kusema kwa nini alichagua t amempa msomaji samaki aliyekwisha kuliwa.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la tangi. Tangi la duara, halina mfuniko, lichukue ujazo V, na saruji itumike kidogo iwezekanavyo. Sakafu ni πr², ukuta ni 2πrh, na kwa kuwa V = πr²h, eneo lote ni πr² + 2V/r. Ukidifrenshieti unapata 2πr − 2V/r²; ukiiweka sawa na sifuri, r³ = V/π, na ukirudisha kwenye ujazo unakuta h = r. Kimo ni sawa na nusu kipenyo. Difrenshieti tena: 2π + 4V/r³, chanya daima, kwa hiyo ni kiasi cha chini kabisa. Hapo wengi hufunga daftari. Fundi anaongeza kwamba ilibidi iwe hivyo: tangi jembamba mno lina ukuta mrefu, pana mno lina sakafu kubwa, na kati ya gharama hizo mbili mkunjo una mahali pamoja tu pa kugeukia.

Lakini kuna njia nyingine, na hapo ndipo ninaposimama na kuvua kofia. Usidifrenshieti kitu. Andika eneo kuwa πr² + V/r + V/r, namba tatu chanya. Wastani wa namba tatu chanya haupungui chini ya kipeuo cha tatu cha zao lao, na zao la hizi tatu ni πV², halina r ndani yake. Eneo basi haliwezi kushuka chini ya mara tatu ya kipeuo cha tatu cha πV², na linafika hapo pale tu namba tatu zinapolingana. Msomaji atauliza 2V/r imekatwa vipande viwili kwa nini, na mwandishi mwema amekwishamwandikia pembeni: ili r zikatane kwenye zao. Kisha anamwonesha maana ya kulingana huko. V/r ni πrh, nusu ya ukuta. Tangi la saruji kidogo kuliko yote ni lile ambalo sakafu yake ni nusu ya ukuta wake, na jambo hilo, ambalo kalkulasi ilikuwa imelificha ndani ya h = r, fundi mwashi anaweza kulihakiki kwa kamba.