Muratina ya Tetu Wakati wa Baridi

Anayejifunza kupika muratina, pombe ya kienyeji, huku Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, huwa na swali moja kila Julai: "Guka (babu), mbona imenyamaza?" Mzee hana haraka ya kujibu. Huweka kiganja ubavuni mwa kibuyu, kisha hutega sikio. "Imeshika," husema. "Ni baridi tu inayoichelewesha."

Kazi yenyewe ilianza kabla kibuyu hakijaguswa. Muratina pia ni jina la tunda la mwegea, mti wa maeneo yenye joto: ni tunda refu, zito na gumu, na likiwa bichi lina sumu. Mzee hulipasua kwa urefu, hulianika, hulichemsha, humwaga maji yake, kisha hulianika tena. Likikauka, hulitia kwenye maji ya miwa kidogo na kuliweka penye joto kwa siku moja, halafu hulirudisha juani. Hatua hii ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote. Mgeni ataona vipande vikavu vikiloweshwa na kukaushwa bila sababu, kumbe chachu inalishwa na kukaa ndani ya nyuzi za tunda. Pombe ikishachujwa, vipande havitupwi. Hukaushwa na kuhifadhiwa kwa upishi mwingine, na vya zamani ndivyo anavyoviamini zaidi.

Maji ya miwa zamani yalikuwa kazi ya boma zima. Katika Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938, Jomo Kenyatta ameeleza jinsi wanaume na wanawake walivyogawana kazi hiyo. Kwa pombe yenyewe, mzee huyu hutumia asali badala ya miwa. Huiyeyusha kwa maji ya vuguvugu, akiyapima kwa kidole, kwani maji ya moto huua chachu. Hukoroga taratibu mpaka asali isionekane chini, kisha hupanga vipande vya muratina, hufunika mdomo wa kibuyu kwa kitambaa safi na kukiweka karibu na meko, si kando kabisa ya moto. Usiku hukivika blanketi.

Hapo ndipo mwanafunzi huanza kuhangaika. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na msimu wa gathano, yaani wa baridi, ukungu hukaa hadi adhuhuri. Penye joto muratina huiva kwa siku moja hadi nne. Hapa hata siku ya pili povu laweza kuwa jembamba. Kijana hutaka kuongeza sukari. Mzee hukataa: chachu iliyopoa haikosi chakula, inakosa joto. Kijana hutaka kufunua achungulie. Mzee hukataa tena, maana hewa ikiingia kila mara pombe hugeuka siki.

Anachofanya yeye ni kidogo sana. Husogeza kibuyu kiganja kimoja kuelekea makaa, hugeuza upande uliopoa, hurudi kwenye kigoda chake. Mchemko ukianza husikika kwanza, povu hufuata. Ukitulia, huonja tone moja: utamu ukiwa umepungua na uchachu umeingia, huchuja.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kulaumu muratina au asali yako, gusa kibuyu. Kikiwa baridi, kisogeze karibu na meko, kivike blanketi, na usikifunue hadi kesho.