Istilahi za Utafiti wa Bahari na Hewa Ukaa: Maneno Matatu ya Kusahihishwa

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, mzigo wa mfasiri umekuwa mkubwa zaidi. Neno alichagualo leo laweza kesho kuwa ndilo linalobishaniwa mbele ya hakimu. Hatuna budi basi kuzihakiki istilahi mapema, kabla hazijaota mizizi.

Makala haya yanahakiki maneno matatu yanayoelekea kutumiwa katika kutafsiri sheria za utafiti wa kuondoa hewa ukaa angani kwa njia ya bahari. Utafiti huo una namna kadhaa: kutia chuma baharini ili mimea midogo ya majini iongezeke na kufyonza hewa hiyo, kutia chokaa au madini mengine ya jamii hiyo ili maji yaweze kuibeba kwa wingi zaidi, au kuotesha mwani na kuuzamisha kilindini.

Kipimo chetu ni msomaji aliyeko Songambele, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Yeye yu mbali sana na pwani. Lakini sheria ya nchi ni yake sawa na ilivyo ya mvuvi wa Kilwa. Istilahi isiyoeleweka Songambele haijawa bado istilahi ya taifa.

Tukianza na “kurutubisha bahari”, neno hili ni jepesi kueleweka, na hapo ndipo lilipo kosa lake. Mkulima wa migomba hurutubisha shamba kwa samadi, naye husifiwa. Kumbe wakazi wa bonde la mto Kagera wanajua pia kwamba rutuba ikizidi majini huleta madhara: gugumaji lililoingia Ziwa Viktoria kwa njia ya mto huo mwishoni mwa miaka ya 1980 lilinawiri kwa rutuba hiyo. “Kurutubisha” hutangaza mafanikio kabla utafiti haujafanywa. Azimio la mwaka 2008 la nchi wanachama wa Mkataba wa London wa 1972 na Itifaki yake ya 1996, kuhusu kuzuia utupaji wa taka baharini, halikufasili shughuli hii kwa matokeo yake bali kwa kusudi lake kuu, yaani kuchochea uzalishaji wa mimea ya bahari. Na ufugaji wa kawaida wa viumbe vya bahari liliutenga. Twapendekeza “kutia virutubishi baharini”. Usemi huu hutaja tendo tu, na kuiachia sheria hukumu.

Neno la pili ni “utafiti halali”. Azimio hilo lilisema kwamba shughuli hizi zisiruhusiwe isipokuwa zile za utafiti wa kisayansi wa namna maalumu. Mfasiri akiandika “halali”, sheria itakuwa imesema kwamba kinachoruhusiwa ndicho kinachoruhusiwa. Tena swali halisi litakuwa limepotea. Mwongozo wa tathmini wa mwaka 2010 unauliza kama kazi imebuniwa kuongeza elimu, kama itapitiwa na wataalamu wengine, kama matokeo yatachapishwa, na kama hakuna faida ya fedha itokanayo moja kwa moja na jaribio. Mwaka 2012, katika bahari ya magharibi ya Kanada, zilimwagwa tani zipatazo 100 za mchanganyiko wenye chuma, kwa matumaini ya kuongeza samaki na kuuza hati za kaboni. Jambo hilo lilizusha ubishi mkubwa, na mwaka 2013 Itifaki ilirekebishwa. Hata hivyo marekebisho hayo bado hayajapata idadi ya nchi inayotakiwa ili yaanze kutumika. Twapendekeza “utafiti wa kweli wa kisayansi”, kinyume chake kikiwa utafiti wa jina tu.

Neno la tatu, “kibali”, ndilo lenye hatari zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unataka utafiti katika ukanda wa uchumi wa bahari ufanywe kwa ridhaa ya nchi ya pwani. Lakini kifungu cha 252 kinaeleza kwamba miezi 6 baada ya kupeleka maelezo yake, mtafiti aweza kuanza kazi, isipokuwa nchi hiyo iwe imemjibu ndani ya miezi 4 kwa kumkatalia au kudai maelezo zaidi. Kama ilivyo katika posa, kimya huweza kuhesabiwa ridhaa. Kibali hakipatikani kwa kimya; ni hati yenye sahihi na muhuri. Mtumishi asomaye “kibali” ataliacha jalada mezani akidhani mtafiti angali anangoja, kumbe siku zinahesabiwa dhidi ya nchi. Kwa hiyo “ridhaa” itumike kwa tendo la nchi chini ya Mkataba, na “kibali” kibaki kwa hati itolewayo na taasisi zetu, kama ile ya Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, wayasome mbele ya watu wasio wanasheria, kisha watuletee maoni yao.